Sharti ni la Nani?

Mtangazaji wa redio akimaliza kuinadi ofa ya vifurushi vya simu, sauti iliyokuwa ikivuta kila neno kwa mbwembwe hushika mbio ghafla: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Yametajwa, lakini yametajwa ili yapite.

Madrasani hawaendi mbio hivyo. Mtoto hufundishwa mapema kutenganisha masharti ya swala na nguzo zake. Tohara, kuingia kwa wakati, kusitiri uchi, kuelekea kibla: hayo ni masharti, yanatangulia na hayamo ndani ya swala yenyewe kama zilivyo nguzo, yaani nia, takbira, Fatiha, rukuu, sijida. Wanazuoni wa usuli wakaongeza jambo ambalo wengi wetu hulisahau: sharti likikosekana, kinacholitegemea hakipo, likipatikana, bado si lazima kiwepo. Unaweza kutawadha vizuri kabisa, kisha ukarudi kulala.

Waganga wa mjini wanalijua pengo hilo kuliko sisi. Usigeuke nyuma njiani, usimsalimie mtu, usipeane mkono na yeyote hadi jua lizame. Dawa isipofanya kazi, jibu liko tayari: ulivunja masharti. Nani atathibitisha kwamba hakugeuka?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa hakuna aliyeweka sharti. Kitu kiko chini, kitanda kiko juu yake. Ukigoma kuinama, huna wa kumlalamikia. Lakini tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka 5 kwa nafasi ya kupokea wageni mapokezini limeandikwa na mtu mwenye kalamu, na kalamu hiyohiyo inaweza kuifanya 5 iwe 1. Ndiyo maana swali ninaloliamini ni hili: nani anaweza kulifuta sharti? Kuinama hakufutiki. Hayo mengine yana mwenyewe, ila mwenyewe hupenda yaonekane kama mvungu.

Mvutano wa Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa miaka ya 1980 ulihusu jambo hilo kwa sehemu kubwa. Shirika lilisema shilingi ishushwe thamani na serikali ibane matumizi, kwa kuwa uchumi wenyewe ndio unaodai. Mwalimu Nyerere alisikia humo sauti ya mkopeshaji, akakataa. Mkataba ulisainiwa 1986, Mwinyi akiwa rais. Kama uchumi ulidai kweli au la, wachumi wanabishana hadi leo; mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo, na hilo halikumsaidia aliyekwenda dukani na shilingi ileile.

Masharti ya swala nayo yana mwenyewe, lakini huyo aliyafikiria mapema yatakapomshinda mja. Maji hayapo? Tayamamu kwa udongo. Kibla hukijui? Jitahidi, elekea unakodhani, uswali. Serikali nayo ina tayamamu yake: mzee aliyezaliwa shambani, mbele ya mkunga wa jadi, hana cheti cha kuzaliwa, basi anakula kiapo mbele ya wakili na hati ya kiapo hicho inashika nafasi ya cheti. Tatizo ni karani wa dirishani, ambaye huitazama hati, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akamwambia mzee sharti alete cheti.