Paka, Nasaba na Bei

Mpwa wangu mmoja akaaye Marekani aliniandikia akauliza kama kwetu Tabora mtoto wa mondo hupatikana. "Mjomba," alisema, "huku mnyama huyu ni mali." Akaniletea na picha ya paka mrefu wa miguu, mwenye madoa meusi juu ya manyoya ya rangi ya mchanga, amelala juu ya kiti cha ngozi kama mwenye nyumba. Bei aliyoitaja niliisoma mara mbili, maana ilipita thamani ya nyumba niliyokuwa nimekaa ndani yake nikiisoma.

Jibu la sheria ni jepesi. Mnyama wa mwituni katika Tanzania si mali ya amwonaye, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai wa mwituni kwenda nchi za nje. Lakini sheria hutungwa na hutanguliwa, nami nalitaka kujua kama lipo jambo chini yake lisilotanguka. Je, kiumbe hai huwa bora kwa sababu ya uchache wake? Na kama sivyo, yule ampaye bei kubwa anunua nini?

Ni vema kwanza nieleze paka wa picha ile ni nani. Si mondo kamili, wala si paka wa nyumbani. Tarehe 7 Aprili 1986, katika jimbo la Pennsylvania, mfugaji mmoja aitwaye Judee Frank alipata mtoto wa kike aliyezaliwa na mondo dume na paka jike wa ukoo wa Siam. Mtoto akaitwa Savannah, na jina lake likawa jina la ukoo mzima. Chama cha paka kiitwacho TICA kikaukubali ukoo huo katika daftari lake mwaka 2001. Ndoa yenyewe si rahisi. Mimba ya paka wa nyumbani huchukua siku kama 65, na ya mondo hupita 70, basi watoto aghalabu huja kabla ya wakati wao. Na madume ya vizazi vya mwanzo huwa tasa. Mtoto wa kizazi cha kwanza ndiye ghali kuliko wote, na kadiri damu ya mondo inavyopungua ndivyo bei inavyoshuka. Kwa hiyo kipimwacho kwa fedha si paka, bali ni kiasi cha mwitu kilichosalia ndani yake. Australia iliukataza ukoo huo kuingia nchini mwaka 2008, kwa kuchelea kuwa akitoroka mmoja atawamaliza wanyama wadogo wa nchi ile. Mnunuzi atakaye mwitu kitini hupenda kusahau kuwa mwitu una meno.

Mondo mwenyewe hana habari ya haya. Makao yake ni mbugani, penye nyasi ndefu na maji, kati ya misitu ya miombo. Masikio yake ni makubwa kuliko kichwa kinavyostahili, na kwa masikio hayo humsikia panya apitaye chini ya majani, akaruka juu na kumwangukia. Waliomtazama katika kasoko ya Ngorongoro waliona kuwa karibu nusu ya mishindo yake humpa windo, na simba angefurahi kupata bahati hiyo. Nilimwuliza mzee mmoja arinaye asali upande wa Sikonge kama mondo ana faida kwake. Akacheka. "Mwanangu, panya wakimaliza mahindi yako ndipo utakapoijua faida yake." Nikasema: na kuku je? "Kuku mmoja mmoja ni kodi," akajibu, akaendelea kufunga mzinga wake.

Neno lile la kodi lilinirudisha katika njia ya zamani. Tabora ulikuwa mji wa kodi, hongo na bei. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 waliukuta mji ambao misafara ya pwani ilipumzika, pembe zikapimwa kwa frasila, wapagazi wa Kinyamwezi wakaajiriwa, na watu waliotekwa wakahesabiwa pamoja na pembe. Penye maghala ya nafaka hapakosi panya, na penye panya hapakosi paka. Haihitaji kitabu kusema kuwa paka wengi walinenepa katika tembe za Kwihara bila ya mtu kuuliza nasaba zao. Nasaba iliulizwa ya binadamu. Mtu aliyeng'olewa kwao alipoteza jina la baba yake, akapewa jina la upande alikotolewa: huyu Mmanyema, huyu Mnyasa. Huko Unguja suria wa Kihabeshi alizidi bei, kwa kuwa ametoka mbali na wa mfano wake ni wachache. Soko lile lilifungwa mwaka 1873.

Sasa tazama jambo hili. Tarehe 13 Julai 1871, katika jumba la Crystal Palace, London, palifanywa maonyesho makubwa ya kwanza ya paka. Wakawekwa katika vizimba, wakatazamwa na waamuzi, wakatolewa zawadi kwa sura na asili. Siku zizo hizo Stanley yuko Kwihara na Waarabu wa Unyanyembe, nao wanajiweka tayari kumpiga Mirambo, aliyeifunga njia ya Ujiji. Na miongoni mwa koo za paka zilizopata sifa Uingereza katika miaka ile ulikuwamo mmoja ulioitwa wa Habeshi. Wajuzi wa siku hizi, waliopima damu yake, hudhani kuwa asili yake ni pwani za Bahari ya Hindi na wala si milima ya Habeshi. Jina lilikuwa la bandari au la vita, si la mnyama. Lakini jina lilitosha kupandisha bei.

Sisemi kuwa paka na mtumwa ni kitu kimoja. Asemaye hivyo amewatusi wafu wa njia ile, na mimi ni mmoja wa wajukuu wao. Nasema tu kuwa jicho lenyewe ni moja. Ni jicho linalotazama kiumbe na kuuliza kwanza ametoka wapi na wako wangapi, kabla ya kuuliza ana njaa au la. Jicho hilo likizoea, halichagui sana linapotua.

Hapa mtu mwenye fikira atanipinga, na nitamshukuru. Atasema: uchache si kitu cha kudharau, mbona twalinda faru kwa sababu wamekuwa haba, na mbona twahifadhi maneno ya kale yasipotee? Kweli. Lakini uchache wa faru hutuambia tumtunze hapo alipo, na uchache wa paka wa vizimbani hutuambia tumtoe alipo tumweke kwetu. Tena wa pili mara nyingi hufanywa kwa mkono. Mwaka 1961 huko Scotland alionekana paka mwenye masikio yaliyokunjwa mbele; watu wakampenda, wakamzalisha, na ukoo ukaenea. Baadaye ikajulikana kuwa kilichokunja masikio ni kasoro ya gegedu, na kasoro hiyo hukaa pia katika viungo vyake vya miguu na mkia, ikamtia maumivu. Watu walikuwa wakinunua ugonjwa wakiuita uzuri. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo, hata kwa mtu mwenye mapenzi ya kweli kwa paka wake.

Paka wa Sokoke ana habari ya upole zaidi. Mwaka 1978, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, mama mmoja mkulima, Jeni Slater, aliokota vitoto vyenye manyoya ya mabaka kama gome la mti. Wagiriama walimjua paka huyo zamani, wakamwita kadzonzo. Walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, wakaandikwa katika madaftari, wakaitwa kwa jina la msitu, na wengine wakavumisha kuwa ni mnyama wa mwituni. Damu yake ilipopimwa ilionekana ni paka wa nyumbani, tena mwenye ujamaa na paka wa Asia: huenda wazee wake walikuja na majahazi. Uvumi ukaanguka, naye akabaki paka yule yule. Hakupungukiwa unyoya hata mmoja.

Na huku msituni kwetu kuna jambo ambalo halina mnunuzi. Kimburu, paka wa mwituni wa Afrika mwenye masikio mekundu kwa nyuma na mkia wa pete, ni wa jamii ile ile iliyowazaa paka wote wa nyumbani duniani. Upimaji wa damu uliotangazwa mwaka 2007 ulilithibitisha. Yeye ndiye nasaba yenyewe. Lakini kila kijiji kinapoingia msituni, paka shume wa kijiji humkuta kimburu jike, na watoto wao hawatofautiki na wa jikoni. Polepole damu ya kale yachanganyika na kupotea. Ng'ambo watu hutoa fedha nyingi kutia mwitu ndani ya nyumba, na kwetu nyumba yaingia katika mwitu bure, wala hapana atoaye zawadi kwa aliyebaki safi. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Hawakusema lolote juu ya yule ambaye nyumba imemfuata.

Nilimwandikia mpwa wangu kuwa mondo wa Tabora hauzwi, na nikamweleza sababu chache kati ya hizi. Bado hajajibu. Naungama pia kwamba, nilipokaa na yule mzee wa asali, bei ya picha ile ilikuwa ulimini mwangu, nami sikuitaja. Alikuwa na wajukuu watatu wasiolipiwa ada, na katika maisha yake amekuta vitoto vya mondo majanini mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Nilijiambia kuwa namlinda mnyama. Njiani nikirudi, baiskeli ikilia mchangani, nilianza kushuku ya kuwa nimemhukumu mzee kwa kosa asilotenda, na kwamba yeye aliyeuita wizi wa kuku kodi angeweza kuisikia bei ile, akacheka kama alivyocheka, na kuendelea na mzinga wake. Sijarudi kumwuliza.