Je, Jina la Mtunzi Lauzika?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jiji la Houston, jimbo la Texas, kijana mmoja mwenye mke na watoto alizunguka na nyimbo zake kama mchuuzi azungukavyo na kapu la samaki: zisipouzwa leo, kesho zitamuozea. Jina lake Willie Nelson. Wimbo mmoja, "Family Bible", aliuuza kwa dola 50; mwingine, "Night Life", akauuza kwa dola 150. Katika ule wa kwanza hakuuza idhini ya kuuimba tu. Aliuza wimbo mzima, pamoja na kutajwa kuwa mtunzi wake. Claude Gray aliurekodi, na mwaka 1960 ukaingia miongoni mwa nyimbo kumi bora za muziki wa country nchini Marekani. Waliotajwa kuwa watunzi walikuwa watu watatu, Nelson hakuwamo.

Jambo hili lina uchungu wake. Nelson alilelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Abbott, na wimbo ule ulitokana na kumbukumbu za malezi hayo. Aliyeuza, basi, aliuza kipande cha utoto wake, na kwenye hati kikawa cha wengine.

Hukumu ya haraka ni kwamba aliibiwa. Lakini hukumu ya haraka haikosi kasoro. Nelson hakulazimishwa na mtu. Alitaja bei, akalipwa, akalipa kodi ya nyumba. Wakati ule hakuna aliyejua kama wimbo ungefika popote, na mnunuzi naye aliweka fedha yake hatarini. Isitoshe, Paul Buskirk, mmoja wa waliotajwa katika "Family Bible", hakuwa mgeni mwenye hila. Alikuwa mpiga ala hodari aliyempa Nelson kazi ya kufundisha gitaa alipokuwa hana kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huenda ni shibe inayowafanya watu wa leo waone aibu katika biashara ambayo mwenyewe aliiona kuwa riziki.

Mtu anaweza kujibu kuwa ridhaa ya mwenye dhiki si ridhaa. Jibu hilo ni zito, ila halitoshi. Mvuvi naye huuza samaki kwa dhiki, na hakuna asemaye kuwa mauzo yake ni batili. Dhiki inaweza kuharibu bei. Haielezi kwa nini kitu fulani kisiuzwe kabisa. Inafaa kwanza kuulizwa ni kitu gani kiliuzwa.

Wimbo una mambo matatu ndani yake: mapato, matumizi na jina. Mapato huuzika, kama mazao ya shamba. Matumizi nayo huuzika: nani auimbe, wapi, kwa muda gani. Jina ni jambo jingine. Kusema "fulani ndiye aliyetunga" ni kutoa habari, na habari ama ni kweli ama ni uongo. Mkataba waweza kuhamisha mali. Hauwezi kubadili yaliyokwisha kutokea. Zaidi ya hayo, habari hiyo haielekezwi kwa mnunuzi, ambaye anaujua ukweli. Inaelekezwa kwa msikilizaji, ambaye hakuwapo pesa zilipohesabiwa. Nelson aliweza kusamehe haki yake mwenyewe. Haki ya msikilizaji ya kutodanganywa haikuwa yake kuisamehe. Sheria ya Ufaransa imelitambua jambo hili kwa namna yake: haki ya mtunzi kutajwa kwa jina lake haihamishiki kwa mkataba. Marekani ya zama zile haikumwekea kinga hiyo mtunzi wa nyimbo.

Msomaji wa pwani ya Waswahili atakuwa na pingamizi. Malenga wetu wa kale walitunga kwa ujira pia. Mwenye harusi alimwendea mtunzi, akapata beti, zikasomwa kana kwamba zimetoka kinywani mwake. Je, nao walidanganya? Hapana, kwa sababu desturi yenyewe ilikuwa wazi: waliosikiliza walijua kuwa beti hutungishwa, na mara nyingi mtaa ulijua nani alitunga. Na mtunzi wa utenzi alipojitungia mwenyewe, aliona si majivuno kutia jina lake, wakati mwingine na tarehe, katika beti za mwisho. Alijua kuwa kazi isiyo na jina huzaa ugomvi. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Malaika": hadi leo wapo wanaomtaja Fadhili William, aliyeurekodi, na wapo wanaomtaja Adam Salim.

Yawezekana pia mwimbaji akaupa wimbo uhai ambao mtunzi asingeweza kuupa. Mwaka 1961 Patsy Cline alirekodi "Crazy", utungo wa Nelson, mbavu zake zikiwa bado na maumivu ya ajali ya gari iliyompata mwezi Juni. Wimbo ulivuka mpaka wa country, ukaingia kumi bora za pop. Wengi huuita wimbo wa Patsy Cline, na hawakosei kabisa. Lakini jina la Nelson lilibaki mahali pake, na kubaki kwake hakukumpunguzia Cline hata chembe. Kumbe ukweli haukuwa na gharama iliyofanya uuzwe.

Katika kisa hiki wamo pia waliokataa kununua. Larry Butler, mwenye bendi mjini Houston, aliletewa nyimbo kwa dola 10 kila mmoja. Alimwambia Nelson asiziuze, akamkopesha dola 50 na kumpa kazi ya kuimba. Baadaye Faron Young, aliyeimba "Hello Walls", alipotakiwa kuununua moja kwa moja kwa dola 500, alimkopesha Nelson kiasi hicho na kumwachia wimbo wake. Mwaka huohuo wa 1961 "Hello Walls" ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya country.

Watu hawa wawili hawakuwa na nadharia yoyote. Walitenganisha tu vitu viwili ambavyo njaa ilikuwa imevichanganya: haja ya mtu na kazi ya mtu. Haja waliitimiza, kazi hawakuigusa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyenunua naye alifaa kwa dhiki, na hilo lisisahaulike. Ila alifaa kwa siku ile tu, na siku ile ilipokwisha alibaki na kitu ambacho hakikuwa chake kukitia jina.