Zimamoto si kazi ya zimamoto

Katika Kiswahili chetu cha mjini neno "zimamoto" limegeuzwa kuwa kejeli. Mkutano ulioitishwa ghafla, bajeti iliyoandikwa usiku wa kuamkia kikao, harusi iliyoandaliwa kwa siku tatu, yote hayo tunayaita mambo ya zimamoto. Tunakusudia kusema kuwa watu wamekurupuka. Kwa hakika hapa tumewadhulumu wenye jina lao, kwani ni kazi chache zilizo mbali na kukurupuka kama kazi ya askari wa zimamoto.

Nimelazimika kulitafakari hili kutokana na swali lililozuka ndani ya familia yetu. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita, anataka kuomba nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hataki kusikia. Hoja yake si mshahara. Ananiambia: "Kaka, Mwenyezi Mungu katukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Leo mwanangu akaingie nyumba ambayo wenyewe wanaikimbia?"

Aya anayoitegemea iko katika Suratul Baqara, aya ya 195, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini iko pia aya ya 32 ya Suratul Maida, inayotufundisha kuwa mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Sasa Muislamu afanye nini anaposikia kilio ndani ya moto? Aokoe, au ajiokoe?

Ninavyoona mimi, mafundisho haya mawili hayagongani. Kinachoyakutanisha ni maandalizi. Kujitosa bila maandalizi ni kujiangamiza, hata nia iwe safi namna gani. Kuingia ukiwa umeandaliwa, kwa vifaa na kwa mpango, ndiko kuokoa.

Chukua mfano wa kisima au shimo la maji taka. Mtu anashuka, hewa ya humo ni mbaya, anaanguka. Ndugu yake anamfuata, naye anaanguka. Jirani anawafuata wote wawili. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hiyo ni wale walioingia kuokoa wenzao. Je, watu hawa walikosa huruma? Hasha. Walikosa ushujaa? Hata kidogo. Walichokosa ni elimu na vifaa. Matokeo yake, badala ya msiba mmoja ikawa mitatu.

Ndiyo maana mwanafunzi wa zimamoto hafundishwi tu kushika mpira wa maji. Anafundishwa kwamba mara nyingi moshi huua kabla ya ndimi za moto, na kwamba ndani yake imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anafundishwa kuwa kufungua mlango wa chumba kilichojaa moshi wa moto kunaweza kuingiza hewa na kuulipua moto uliokuwa umefifia. Anafundishwa kwamba maji yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka huweza kuusambaza moto, hivyo hapo linahitajika povu.

Kisha yapo mazoezi ya mwili. Anabeba mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi unaohesabiwa kuwa wa dakika 30 unaweza kwisha mapema zaidi kwa mtu anayehema kwa hofu na uchovu. Kwa hiyo lazima aizoeze pumzi yake na moyo wake pia. Anajifunza kuvaa vifaa vyake haraka bila kukosea, kutambaa gizani mkono mmoja ukiwa ukutani, na kuingia na mwenzake, si peke yake. Anarudia na kurudia mpaka mikono ijue kazi hata akili ikishtuka.

Lakini zoezi gumu kuliko yote ni la nafsi. Anafundishwa kujua wakati wa kutoingia, na wakati wa kutoka. Kiongozi akisema "tokeni", anatoka, hata kama anahisi ndani bado kuna mtu. Wapo watakaouita huu woga. Mimi nasema ni amana. Roho ya muokoaji nayo ni amana, na akianguka humo ndani, wenzake sasa wana watu wawili wa kuwatafuta.

Ipo hadithi ya Mtume (s.a.w) inayofundisha kuwa anayejifanya tabibu hali hana elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mimi si mufti, natoa mfano tu. Lakini funzo liko wazi: nia njema haifuti wajibu wa kujua unachokifanya.

Tuliliona hili Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria na watu 19 wakapoteza maisha. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kujitosa kuokoa. Baada ya hapo Serikali iliagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apatiwe mafunzo. Kama ushujaa alikuwa nao tayari, mafunzo ya nini? Ni kwa sababu ushujaa ni kama unga. Bila mpishi hauwi mkate.

Wengine watasema, ajali imeandikwa. Ni kweli, lakini Mtume (s.a.w) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Moto wa Mina wa mwaka 1997 uliua mahujaji 343. Haikusemwa kuwa ni kadari basi yaishe. Mahema yalibadilishwa, yakawekwa yasiyoshika moto kirahisi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, swali la dada yangu ni letu sote. Wanazuoni wametufundisha fardhi kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, wakiacha wote, dhambi ni ya wote. Kama kila mama atamzuia mwanawe, nani atakuja siku nyumba yake ikiwaka? Na kwa nini tumngoje askari huyo peke yake? Septemba 14, 2020, moto katika bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, uliwaua wanafunzi 10. Je, katika madrasa na mabweni yetu, mangapi yana mlango wa pili? Madirisha mangapi yamefungwa nondo zisizofunguka kwa ndani? Walimu wangapi wamewahi kushika mtungi wa kuzimia moto, au wanaijua namba 114?

Tunachangishana kujenga bweni, na ni jambo jema. Tuchangishane pia kuwafundisha watakaolilinda, na vijana wetu wanaotaka kuifanya kazi hiyo tuwape baraka zetu. Moto ukishawaka, muda wa kujifunza umekwisha.

Wallahu a'lam.