Bei ya Kidole

Khalifa Umar bin Khattab alivipima vidole vilivyokatwa kwa kuangalia kazi ya kila kimoja. Kidole gumba, kinachoshika mpini na kukaza fundo, alikipa fidia ya ngamia wengi kuliko kidole cha mwisho. Fundi yeyote angeielewa hukumu hiyo. Kisha ikapatikana kwa jamaa za sahaba Amr bin Hazm barua ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iliyosema kila kidole ni ngamia kumi, na rai ya Umar ikaachwa. Gumba na cha mwisho vikawa sawa.

Ni ipi kati ya hukumu hizo mbili iliyo karibu zaidi na haki? Swali hilo halikubaki vitabuni. Tanzania Bara hulijibu kila mara msumeno wa mbao au mashine ya kukoboa inapokata mkono wa mtu na faili la madai likafunguliwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, kisha asilimia hiyo huhesabiwa pamoja na mshahara. Usipozidi asilimia 30, majeruhi hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi, hulipwa pensheni kila mwezi. Viko vima vya chini na vya juu, lakini ndani ya mipaka hiyo msimamizi na msaidizi wake wakikatwa kidole kilekile na mashine ileile, hawapati fedha sawa. Sheria haidai kununua kidole. Inaziba pengo la kipato, na pengo la msimamizi ni kubwa zaidi.

Hoja hiyo ina uzito wake. Watoto wa msimamizi nao wana ada ya shule, na kodi ya nyumba yao ilipangwa kwa kuutegemea mshahara ule. Ila kidole kina kazi ambazo hakuna mshahara unaozijua. Seremala aliyepoteza pingili mbili za kidole cha shahada hujifunza upya kushika randa, na baada ya miezi kadhaa huenda akaweza. Jioni anahangaika na kifungo cha shati la mwanawe. Akisali, anapofika kwenye tahiyatu, panapoinuliwa kidole hicho, anainua kigutu. Hayo yataandikwa kwenye fomu gani?

Marabi wa Kiyahudi walioikusanya Mishna, kitabu cha sheria zao, karibu mwaka 200, walitaja mambo matano ambayo aliyemjeruhi mwenzake hulipa: ulemavu wenyewe, maumivu, matibabu, muda wa kazi uliopotea, na fedheha. Mfuko wa leo hugharamia matibabu, hufidia muda na hulipa ulemavu. Maumivu na fedheha havikuwekewa fungu lolote. Lakini asije mtu akadhani kwamba wazee hao walikuwa na jibu kamili. Mishna hiyohiyo ilikadiria ulemavu kwa kuuliza majeruhi angeuzwa bei gani sokoni kama mtumwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao waliifanya diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamke kuwa nusu ya ile ya mwanamume. Vidole vilisawazishwa kabla ya watu wenyewe kusawazishwa.

Kuna jambo gumu zaidi ya hayo. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema madhara ya kisima na ya mgodi hayana malipo. Mafakihi waliielewa hivi: kibarua akiajiriwa kuchimba, kifusi kikamwangukia pasipo kosa la aliyemwajiri, hakuna wa kudaiwa. Hapo ndipo sheria za kisasa zilipochukua njia nyingine. Mwaka 1884 Ujerumani ilianzisha bima ya ajali kazini isiyotafuta kwanza nani alikosea, na sheria ya Tanzania imesimama juu ya msingi huo.

Je, huko ni kuvuka mipaka ya haki? Hapana. Mwenye karakana hajui nani ataumia wala lini, lakini anajua kwamba misumeno mingi ikizunguka mwaka baada ya mwaka, ipo siku itakula mkono wa mtu. Hatari hiyo imo ndani ya bei ya kabati sawasawa na mbao na umeme. Fiqhi yenyewe ina kanuni kwamba anayevuna faida ya kitu ndiye anayebeba dhamana yake. Kanuni hiyo ikishushwa hadi sakafuni mwa kiwanda, ajali inahama kutoka kwenye bahati mbaya ya kibarua na kuingia kwenye hesabu za tajiri, ambako ndiko kwao.

Hata hivyo, wengi hawafiki kwenye madai kwa sababu ya maneno wanayoambiwa wangali kitandani: ni mipango ya Mungu, shukuru uko hai. Jirani huyasema kwa huruma. Tajiri akiyasema huku ameshika bahasha ya hela ya dawa na kuomba wamalizane wenyewe kwa wenyewe, yanageuka silaha, na kulitumia jina la Mungu hivyo ni dhuluma. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu aliyeandika ajali ndiye aliyedai ukingo. Na Sura ya al-Maida, aya ya 45, inapomsifu majeruhi anayesamehe, imekwisha kutaja haki yake ya jicho, pua, sikio na jino. Asiyejua anachostahili hajasamehe chochote, amenyamazishwa tu. Subira ni ibada ya aliyeumia, na haimfutii deni mtu mwingine yeyote.

Dai linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na muda huo huyoyoma upesi kwa mtu anayesubiri bahasha ya pili. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, tena sheria inamkataza kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Seremala anayejaza fomu haombi sadaka wala hamfilisi tajiri wake. Anadai fedha zilizowekwa kwa ajili ya mikono kama wake, kabla hajaumia.