Je, Mwuguzi Anyamaze?

Wako wasemao kwamba kazi ya mwuguzi ni kuosha vidonda, kutoa dawa na kutii. Mipango ya afya ni mambo ya wakubwa. Sisi twaona shaka, maana yaliyotokea Beni na Butembo hayaturuhusu kulipita neno hili.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia upande wa Beni, huko Mangina. Ilipokoma, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Na chanjo ilikuwapo! Mbona basi ilikaa karibu miaka miwili? Sababu moja kubwa ni kwamba watu wengi hawakuamini. Tangu mwaka 2014 wenyeji wa Beni waliuawa kwa mapanga mashambani, wakalia bila kuona msaada wa kutosha. Sasa kwa ajili ya ugonjwa mmoja magari yakafuatana barabarani. Tena Desemba 2018 wakaambiwa hawatapiga kura pamoja na wenzao kwa sababu ya Ebola, hali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Nani asingeshuku?

Wakubwa wangeelezwa na nani mawazo ya watu? Si na mgeni aliyefika jana. Kijana anayejifunza uuguzi, asemaye Kinande na mama yake na kusoma Kifaransa darasani, asikia maneno ya pande zote mbili. Lakini nani amemfundisha kuyasema?

Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Siku chache baadaye waganga na wauguzi waliandamana mjini wakidai ulinzi, wakatisha kuacha kazi. Kudai ulinzi ni haki: aliyekufa hamwuguzi mtu. Kuacha kazi ni jambo jingine, kwa kuwa mgonjwa aliyelala kitandani hakumwua mganga. Twafikiri, na wengine watatubishia, kwamba asiyezoezwa kusema mapema hujikuta na njia mbili tu: kunyamaza, au kumwacha mgonjwa.

Na utii je? Masista sita wa Bergamo walikufa kwa Ebola Kikwit mwaka 1995 kwa sababu hawakuwaacha wagonjwa. Twawaheshimu mno. Lakini tusikifanye kifo chao kuwa kisingizio: glavu zikiisha, kunyamaza si utii, ni kumwachilia mwenzako afe.

Kila eneo la afya lina kamati, na wanakijiji wenyewe wamo. Mwanafunzi aende huko, akae, asikilize kwanza. Kisha amwandikie mganga mkuu wa zoni: kitu gani kimepungua, tangu siku gani, wagonjwa wangapi wamerudi nyumbani bila dawa. Naye aisome barua mbele ya kamati kabla ya kuipeleka, ili mama mmoja apate kumwambia, “Hapo, mwanangu, umekosea.”