Kwa Wanangu Mlioko Dirishani

Wanangu, nguvu za kugombana zimeniishia, kwa hiyo nitasema polepole. Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mzee wa kijiji anayefika dirishani kwenu na bahasha ya mtu mwingine, maana ndiyo kazi niliyobakia nayo: watu huniletea barua za serikali niwasomee.

Nasikia mnabishana huko ofisini. Mmoja anataka shughuli zote ziende kwa Kiingereza kwa kuwa sheria zimeandikwa hivyo. Mwingine anataka Kiswahili peke yake, na asiyekijua ajifunze. Na wapo vijana wetu wa milimani wanaosema kaunti hii ya Taita Taveta ni yetu, basi tuhudumiane kwa Kidawida, lugha ya Wataita.

Nianze na hawa wa mwisho, kwa kuwa ndio damu yangu. Yetu sisi akina nani? Wataveta wana Kitaveta chao. Wasaghala wana Kisaghala, na hawapendi kuambiwa kwamba wanasema Kidawida vibaya. Na huu mji wa Voi ulizaliwa na reli mwishoni mwa karne ya 19, kisha mashamba ya mkonge yakaita watu. Wakamba, Wajaluo na Wamijikenda walikuja kufanya kazi, wakazaa hapa, wakazika hapa. Mtamfanyaje mjukuu wa mpiga nyundo wa reli anapokuja kutafuta leseni ya duka? Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi. Hao wenzenu watakuja, na ni haki yao kuja. Tukiifanya ofisi ya umma iwe ya lugha ya ukoo, tutakuwa tumewafungia mlango jirani zetu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Kiswahili, na nasema hivyo bila kusitasita. Ila nataka muelewe ninachokidai, kwa sababu Kiswahili mlicho nacho sasa ni cha kusalimiana tu.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sasa nendeni mkatazame karatasi. Chifu anaitisha baraza kwa Kiswahili, watu wanauliza kwa Kiswahili, wanapigiwa makofi kwa Kiswahili, halafu uamuzi unaandikwa kwa Kiingereza na mwenye shida anawekewa kidole kwenye wino. Mwaka 2023 huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilitangazwa kuwa zimepelekwa kwenye tovuti ya eCitizen. Mama wa Mbololo asiyesoma Kiingereza anakwenda saiba, kwenye kibanda cha intaneti, anamkabidhi kijana asiyemjua kitambulisho chake na namba ya siri, na anamlipa juu yake, ili aombe kitu ambacho ni haki yake. Hamwoni kwamba huyo ametozwa ushuru wa lugha?

Hebu tutazame jambo linalotuuma zaidi huku, tembo. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti, na mnyama hajui mpaka. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama italipwa fidia ya shilingi milioni 5, na aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Mjane aliyefiwa juzi anaelezwa masharti yake na mtu aliyeyasikia kwa mtu. Anayeandika maelezo kwa niaba yake anafupisha, anaacha saa, anaacha mahali, na faili likirudi kwa sababu ya upungufu mjane anadhani amenyimwa kwa kuwa hana mtu mkubwa. Uchungu wa namna hiyo ndio unaozaa chuki na serikali, na haukutoka popote ila kwenye karatasi.

Hata mahakamani ni hivyo. Sheria inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, lakini lugha iliyowekewa Mahakama Kuu ni Kiingereza. Hapa Voi mahakama zote mbili zipo. Mtu anajitetea mwenyewe kwa lugha anayoijua, akikata rufaa anahitaji wa kumsemea, na hata mji hajauhama.

Vukeni Taveta mwende Holili, upande wa Tanzania. Jamaa zetu wa upande ule wanaandika barua kwa mtendaji wa kijiji kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria yao imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya kutungia sheria. Kwetu sisi, Mzee Kenyatta aliagiza Bunge lijadiliane kwa Kiswahili mwaka 1974. Wabunge wakajadiliana, lakini miswada ikabaki kwa Kiingereza. Mdomo ulipewa Kiswahili na kalamu ikanyimwa, na hapo ndipo tulipokwama mpaka leo.

Sasa nije kwako wewe unayesema Kiswahili peke yake, kwa sababu wewe ndiye mwenzangu na ndiye unayenitia hofu. Nimekuona ukimwinukia bibi wa Kasighau ukimwambia, “Ongea Kiswahili, bibi, hapa ni ofisini.” Yule bibi ana miaka inayozidi ya mama yako mara mbili. Hakukosa adabu, wala hakukataa taifa. Alikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu hurudi kwenye lugha aliyonyonyeshwa nayo. Lugha ya pamoja tuliiweka ili wewe usipate kisingizio cha kutomwelewa mtu. Leo umeigeuza kisingizio chenyewe.

Katiba hiyo hiyo, baada ya kutaja lugha rasmi, inaitaka dola ilinde lugha nyingine za Kenya, pamoja na lugha ya ishara. Aliyekamatwa lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama anapewa mkalimani bila malipo. Basi mwizi apewe mkalimani na mgonjwa akose? Najua mtaniambia hakuna fedha. Lakini katika kila ofisi ya Mwatate, Wundanyi, Voi na Taveta kuna mfagizi, mlinzi au karani anayezijua lugha hizi, na kila siku anaitwa kando kutafsiri bure. Kazi hiyo iandikwe kwenye barua yake ya ajira na ilipwe. Wala msimwite mtoto wa shule amtafsirie nyanya yake ugonjwa wa tumbo la uzazi. Hilo ni aibu kwetu sote.

Mkiniuliza muanzie wapi, anzeni na bajeti. Makadirio yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kila mwaka watu hukusanywa kutoa maoni juu ya kitabu kinene wasichoweza kukisoma, wakaweka sahihi kwamba walihudhuria. Toeni muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache, wenye majina ya vijiji na kiasi kilichotengewa kila zahanati na kila kisima. Ubandikwe kwa chifu, sokoni na kwenye zahanati wiki mbili kabla ya mkutano. Mnapokwenda Taveta, Sagalla na Kasighau, mkalimani awe amepatikana kabla hamjaondoka, na malipo yake yawe yameshapitishwa. Na atakayesimama kuuliza kwa Kitaveta, swali lake liandikwe kwenye kumbukumbu kama lilivyoulizwa, pamoja na jibu alilopewa na jina la ofisa aliyelitoa.