Nani Anasafisha Baada ya Idi?



Ndugu zangu wanafunzi, mwaka huu nilitoka chuoni Huye siku mbili kabla ya Idi ul-Fitri nikaenda kula sikukuu nyumbani, Nyamirambo. Asubuhi ya Idi tuliswali uwanjani, mimi, baba na wadogo zangu wawili. Tukapeana mikono, tukapiga picha, tukarudi nyumbani kula. Mchana ule walipita kwetu watu zaidi ya arobaini: majirani, jamaa kutoka Biryogo, rafiki zangu, rafiki za rafiki zangu. Pilau ililiwa, sambusa zikaliwa, chupa za chai zikajazwa na kumwagwa. Saa 4 usiku mgeni wa mwisho akaaga. Nikajitupa kitandani.

Saa 10 alfajiri niliamka kunywa maji, nikaona taa ya uani inawaka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria kubwa ya pilau imelala ubavu mbele yake, anakwangua ukoko. Pembeni kulikuwa na beseni mbili zimejaa sahani na rundo la glasi. Nikamwuliza kama hajalala. Akasema, "Nimelala kidogo. Rudi ukalale, mwanangu, jana umechoka."

Jana nimechoka! Kazi yangu ya jana ilikuwa kukaa mlangoni kupokea wageni na kula nao. Lakini sikusema hivyo. Nilikunywa maji yangu nikarudi kulala. Hilo la kurudi kulala ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Asubuhi, kwa kuona haya, nilimwuliza mama mara ya mwisho aliswali Idi uwanjani lini. Akafikiri kidogo, akajibu, "Kabla wewe hujaanza shule." Yaani miaka kumi na tano na zaidi, sisi tukienda kuleta takbira, yeye yuko jikoni. Na wote tunaijua hadithi ya Ummu Atiyya (R.A.), waliyoipokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watolewe waende kwenye uwanja wa Idi, hata wale wenye hedhi, washuhudie kheri na dua ya Waislamu ingawa hawaswali. Amri hiyo nimeisikia kwenye darasa zetu mara nyingi, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini mama yangu hayumo.

Basi swali langu ni hili: furaha ya ibada ikiacha uchafu nyuma, uchafu huo ni wa nani? Na je, mtu anaweza kusema ameisherehekea Idi kwa ukamilifu ikiwa sehemu yake chungu ameibeba mwingine?

Wengine watasema hili ni jambo dogo, mambo ya sahani na ufagio, halifai kujadiliwa kwenye jarida la Waislamu wasomi. Nadhani wanakosea. Tazameni tu vitu vilivyobaki pale uani kwetu. Kulikuwa na viti kumi na viwili vya jirani. Kulikuwa na bakuli tatu zilizoletwa na chakula, moja imepata ufa. Sufuria ile kubwa yenyewe ilikuwa ya kuazima. Katika fiqhi kitu cha kuazima kina hukumu yake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, kikipotea au kuharibika nje ya matumizi aliyoruhusu mwenyewe, aliyeazima analipa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn mwaka wa 8 Hijria, alimhakikishia kuwa ni za kuazima na zina dhamana. Na Safwan wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Sasa jirani yangu anayesubiri bakuli lake wiki ya tatu, je, yeye hana haki? Kwa hiyo katika usafi wa baada ya Idi yamo mambo ya wajibu, na si ya kupendeza macho tu.

Kingine ni chakula. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu katika aya hiyohiyo. Siku ya Idi israfu haionekani kwa sababu kila kitu kinang'aa. Inaonekana siku ya pili, kwenye ndoo ya mabaki: wali uliomong'onyolewa juu ukaachwa, nyama iliyoumwa mara moja, soda nusu chupa. Anayesafisha ndiye pekee anayeiona. Sisi wengine tunajua tulikula vizuri, basi. Nimejifunza kwamba mtu asiyesafisha baada ya sherehe hajui sherehe yake ilikuwa na ukubwa gani, wala haoni sababu ya kuipunguza mwakani.

Nilipomweleza ndugu yangu mmoja wa jumuiya yetu mambo haya, alinijibu kwa utulivu: kila mtu ana zamu yake. Mwanamume anatafuta, mwanamke anatunza nyumba. Akaniletea kisa cha Bi Fatima (R.A.), ambaye mikono yake iliumia kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (S.A.W.) hakumpa mtumishi, bali alimfundisha yeye na mumewe tasbihi, tahmidi na takbira za kusoma wakati wa kulala. "Unaona?" akasema. "Hakumwondolea kazi."

Hoja hii ni nzito na inastahili jibu la haki. Kwanza, kisa ni sahihi, kimo katika Bukhari na Muslim. Lakini tukisome chote. Katika riwaya ya Imamu Ahmad, Sayyidna Ali (R.A.) naye alikuwa analalamika kifua kinamuuma kwa kuteka maji. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, wote wamechoka. Na katika riwaya hiyo Mtume (S.A.W.) alitaja njaa ya Ahlu Suffa, wale mafukara wa msikitini, kuwa ndiyo sababu ya kutowapa mtumishi. Uhaba ulikuwa wa kweli. Nyumbani kwetu usiku ule hakukuwa na uhaba wa mikono. Kulikuwa na wanaume wanne wazima wamelala. Kisa cha watu wawili waliochoka pamoja hakiwezi kuwa dalili ya mmoja kuchoka na wanne kupumzika.

Pili, Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika alitoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Aliyekuwa na umma mzima mabegani hakuona kazi ya nyumbani inampunguzia kitu.

Tatu, suala la zamu. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kazi za nyumbani, kama ni wajibu wa mke au si wajibu. Wako walioona ni wajibu kwa kufuata ada ya watu. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, mkataba wa ndoa haumlazimishi mke kupika na kufagia. Akifanya, amefanya wema. Na mwenye kufanyiwa wema anatakiwa ashukuru, asije akaugeuza kuwa deni. Tena hapa simzungumzii mume. Namzungumzia mtoto wa kiume wa miaka ishirini na mbili, anayelishwa na mama yake na hatafuti chochote. Hiyo zamu yake ya kutafuta iko wapi?

Ziko nyumba ambazo si mama anayekwangua sufuria. Ni msichana wa kazi, aliyetoka kijijini, pengine hata si Mwislamu. Huko tunajibu haraka zaidi: analipwa. Ni kweli, lakini siku baada ya Idi ndiyo siku yake nzito kuliko zote mwakani, na mshahara ni uleule. Katika hadithi ya Abu Dharri (R.A.), Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiloliweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Sharti la mwisho ndilo tunaloliruka. Kulipa hakukuondolei wajibu wa kusaidia kazi inapopita kiasi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi vijana wa Rwanda si wavivu wa usafi. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka kwenye umuganda, majembe na fagio mkononi, kuanzia saa 2 asubuhi. Nchi yetu ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na tunajivunia mgeni akisema Kigali ni safi. Tunajua pia kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi kwa nini mtaro wa barabarani tunauzibua na sahani zetu wenyewe tunaziacha? Nimejichunguza nikapata jibu lisilonifurahisha: kwenye umuganda ninaonekana. Uani saa 10 alfajiri hakuna anayeniona ila Allah na mama. Sisemi umuganda ni riyaa. Nasema kazi isiyoonekana ndiyo inayopima ikhlasi yangu, na mimi kipimo hicho nilikifeli.

Linabaki gumu moja. Mama hataki. Idi ya kuchinja ilipofika nilijaribu kumnyang'anya sufuria, akaivuta. "Unataka watu waseme nyumba yangu imenishinda?" Hapo nikakwama. Kumtii ni wajibu, kumhudumia ni wema, na yeye ananikataza kumhudumia. Je, nimwache kwa sababu amesema nimwache?

Nimefikiri hivi. Mzazi akisema "usijisumbue", mara nyingi haamrishi. Anakuhurumia, kama anavyokwambia ameshiba ili wewe uongezewe. Mwenye akili hachukui huruma hiyo kuwa ruhusa. Lakini pia nyumba ile ni heshima yake, na mimi sikuwa na haki ya kuingia jikoni kama mkombozi. Kwa hiyo nilimwomba awe msimamizi, sisi tuwe vibarua wake. Usiku wa kuamkia Idi tulimenya na kukatakata yote mbele yake. Asubuhi akaenda uwanjani nasi, amevaa ushungi mpya. Jioni mdogo wangu mmoja alirudisha viti, wa pili akaosha vyombo, mimi nikashika sufuria, na baba, bila kuambiwa na mtu, akachukua ufagio. Tulimaliza kabla ya saa 5 usiku. Mama akaikagua sufuria yangu, akasema bado ina ukoko, akaikwangua upya. Sikubishana. Ukoko ulikuwepo.

Namalizia na jambo ambalo usafi wenyewe ulinifundisha. Tunaposema tunarudisha nyumba katika hali yake, ni hali ipi? Mwezi wa Ramadhani sebule yetu ilibadilika. Makochi yalisogezwa, jamvi likatandikwa, tukafuturu pamoja chini, na misahafu ikakaa mezani. Siku ya pili ya Idi nilianza kuirudisha misahafu juu ya kabati na runinga mahali pake. Nilishaikunja na mikeka ya kuswalia niliposimama. Sahani chafu lazima ziondoke. Lakini mkeka una kosa gani? Katika Suratun Nahl, aya ya 92, tumekatazwa kuwa kama mwanamke aliyefumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Niliona mikono yangu inafanya kazi hiyohiyo, tena nikiiita usafi. Na sita za Shawwal, ambazo ukizifuatisha na Ramadhani ni kama umefunga mwaka, zilikuwa bado mbele yetu. Mwisho wa Suratu Sharhi unatuelekeza tukimaliza jambo tusimame kwa jingine, si tulale.

Basi mkeka mmoja tuliuacha umetandikwa kwenye pembe, na msahafu mmoja mezani. Vingine vyote vilirudi kabatini.

Ndugu msomaji, Idi ijayo, kabla hujalala, pita uani. Uliza vyombo vya watu viko wapi. Osha hata sahani kumi. Na kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Idi, mwulize mama yako, shangazi yako au dada yako anahitaji kifanyike nini ili kesho naye aende kuswali. Akisema hakuna, usiamini upesi.

Allah azikubali swala na funga zetu, azikubali na kazi za mikono waliyotufanyia mama zetu tukiwa tumelala, na atusamehe usingizi ule. Amin.

Wabillahi tawfiq.